Mtoto mweusi kwenye kava hatoshi: jinsi ya kuchagua vitabu vya watoto vyenye watu wa makabila na tamaduni tofauti

Mwaka 1965 kule Marekani mwalimu mmoja, mama anaitwa Nancy Larrick, aliandika makala kwenye jarida la Saturday Review, akaanza na swali la binti mweusi wa miaka mitano wa chekechea moja ya New York. Mtoto alikuwa anaangalia kitabu cha picha akauliza kwa nini kila siku ni watoto wa kizungu tu. Larrick hakuishia kusikitika, alienda kuhesabu. Alipitia vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vilivyotoka mwaka 1962 mpaka 1964, akakuta vyenye angalau mtu mweusi mmoja, hata kama amesimama tu pembeni ya picha, ni asilimia 6.7. Alafu akatafuta vyenye stori ya Mmarekani mweusi wa wakati ule ule, anayeishi maisha ya wakati ule, hapo ndo haikufika hata asilimia moja.

Ziangalie hizo namba mbili vizuri maana ndani yake ndo kuna kitu tunachokichanganya wengi tukienda kununulia watoto vitabu. Kuonekana kwenye picha ni kitu kimoja na kuwa mwenye stori ni kitu kingine kabisa. Mzazi anaingia dukani anaona kava lina mtoto mweusi mwenye nywele za kusuka anafurahi, analipa, anaenda nyumbani anaamini kazi imeisha, kumbe mle ndani huyo mtoto hasemi neno hata moja na anayetatua tatizo ni mwingine.

Na sio mambo ya zamani tu. Uingereza kuna kituo cha London kinaitwa CLPE, kinashughulika na usomaji wa shule za msingi, walihesabu vitabu vya watoto vilivyotoka nchini kwao mwaka 2017, jumla vilikuwa 9,115, vyenye mhusika yeyote asiye mzungu vilikuwa asilimia 4 na ambavyo huyo mhusika ndo mkuu wa stori ilikuwa asilimia 1. Kwaiyo ndugu zetu mnaolea watoto Leicester, Minneapolis au Toronto msione kama mnatafuta vibaya mkirudi mikono mitupu, vitabu vyenyewe vilikuwa havijatengenezwa.

Aliyelifafanua hili jambo vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni profesa Rudine Sims Bishop wa Chuo Kikuu cha Ohio State, mwaka 1990. Alisema kitabu kinaweza kuwa dirisha, mtoto anachungulia maisha ya watu wengine, kinaweza kuwa mlango wa kioo wa kusukuma, mtoto anaingia humo ndani kwa mawazo yake, na mwanga ukikaa vizuri dirisha hilo hilo linakuwa kioo, mtoto anajiona mwenyewe. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia kioo tu, mwanangu ajione, na ni sawa kabisa, lakini Bishop alisema na upande wa pili ambao huwa unasahaulika, kwamba mtoto anayejiona yeye tu kila kitabu naye anaharibiwa, anakua anadhani yeye ndo kipimo cha binadamu. Hiyo sehemu ya pili inatuhusu sisi wa Dar, Nairobi na Mombasa kuliko tunavyodhani, nitaifikia.

Kwanza tuongelee kioo kisichoonyesha sawa sawa. Kuna kitabu cha Uingereza cha mwaka 1994 kinaitwa Handa's Surprise, kimeandikwa na kuchorwa na Eileen Browne, kinatumika sana kwenye shule za msingi za huko, na mhusika wake ni binti wa Kijaluo wa Kenya. Handa anabeba kapu la matunda kichwani anampelekea rafiki yake Akeyo, njiani wanyama wanamwibia tunda moja moja bila yeye kujua, mpaka mbuzi anagonga mti wa machenza kapu linajaa tena. Ni kitabu kizuri, matunda yamechorwa unatamani kuyala, mtoto anacheka kwa sababu yeye anaona wizi na Handa haoni, na Handa ana jina, ana rafiki, ana nia yake, hakuna mzungu anayekuja kumsaidia. Sasa angalia wezi wenyewe, nyani, mbuni, pundamilia, tembo, twiga, swala, kasuku. Mtoto wa Homa Bay au Siaya akienda kwa rafiki yake hapishani na tembo na twiga na pundamilia kwenye njia moja. Hiyo ni Afrika ya mbugani imewekwa juu ya maisha ya Wajaluo, na mtoto wa Kiingereza ambaye kitabu chake pekee cha Afrika ni hicho anamaliza darasa akijua kwamba watu wa huko wanaishi kwenye nyumba za nyasi katikati ya wanyama.

Je kitabu ni kibaya? Mimi nasema hapana, na hapa ndo penye fundo lenyewe. Kitabu kimoja hakiwezi kubeba kabila zima wala nchi nzima, na sio haki kukidai hivyo. Tatizo la Handa ni upweke wake pale kwenye shelfu. Weka pembeni yake kitabu cha mtoto wa Kijaluo anayepanda matatu Kisumu, kingine cha mtoto ambaye baba yake ni fundi simu, kingine cha bibi anayeuza omena, yaani dagaa, ghafla Handa anakuwa binti mmoja kati ya wengi na wale wanyama wanabaki kuwa mchezo wa hadithi. Kwaiyo ukitaka kupima usipime kitabu, pima shelfu lote. Chukua vitabu vyote vya mtoto wako vitandaze chini alafu angalia nani wapo, wanafanya nini, nani hayupo kabisa. Ukifanya hivyo utaona mambo ambayo kitabu kimoja kimoja hakiwezi kukuonyesha, mfano utaona kila mtu mweusi aliyepo yuko kijijini, au kila Mwislamu anatokea siku ya Idi tu.

Hilo la Idi linanigusa sana. Kuna vitabu naviita vya sikukuu, yaani watu wa utamaduni fulani wanatokea kwenye sherehe tu, wamevaa vya harusi, wanapiga ngoma, wanakula chakula chao cha asili, alafu kitabu kimeisha. Mtoto wa Kizanzibari yumo kwenye kitabu akiwa na kofia na kanzu siku ya Idi, sawa, lakini huyo huyo mtoto Jumanne anang'oka jino, anagombana na dada yake kuhusu rimoti, anaogopa mbwa wa jirani, anatoka madrasa akiwa amechoka. Vitabu vya namna hiyo ndo vichache kuliko vyote na ndo vinavyofanya kazi kubwa, kwa sababu vinamwambia mtoto mwingine kwamba huyu ni mtu kama wewe bila kuhubiri. Nikiona kitabu ambacho mtoto wa Kisomali anatafuta kiatu chake kilichopotea na mwanzo mpaka mwisho hakuna anayeeleza Usomali ni nini, hicho nanunua haraka.

Sasa twende nyumbani, kwenye ile sehemu ya pili ya Bishop. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na kuna sehemu kama Mbulu, Hanang na bonde la Ziwa Eyasi ambako ndani ya safari ya siku moja unapita kwa Wairaqw ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga ambao yao ni ya Kiniloti, Wanyiramba ambao ni Wabantu, na Wahadzabe ambao lugha yao ina sauti za kidoko, yaani za kugonga ulimi mdomoni, na haina ndugu wa karibu duniani. Utajiri wa namna hiyo ni nchi chache sana zinao. Ukifungua vitabu vyetu vya watoto unamkuta nani? Juma, Asha, Ali, Roza. Majina ya Kiislamu na ya Kikristo, nyumba ya tofali, mama jikoni, baba anarudi kazini, na huwezi kujua huyo Juma ni Mgogo au Mndengereko. Hii haikutokea kwa bahati mbaya. Baada ya uhuru nchi ilikuwa inajenga taifa moja kwa Kiswahili, ukabila ulionekana kama sumu, na kweli tulipata amani ambayo majirani wengine hawakuipata, silibezi hilo hata kidogo. Lakini kwenye kitabu cha mtoto matokeo yake ni kwamba tofauti zimefutwa badala ya kuonyeshwa, mtoto anajifunza kwamba umoja maana yake wote tufanane, alafu siku akikutana na mwenzake wa kabila lingine anayekula tofauti na kuvaa tofauti, maneno anayokuwa nayo ni yale ya utani aliyoyasikia kwa watu wazima basi.

Na wale ambao tofauti yao haifutiki kirahisi wanaingia kwenye vitabu kwa mlango mmoja tu. Mmaasai ana rungu na ng'ombe, au ni mlinzi getini. Mhindi yuko nyuma ya kaunta ya duka. Mwarabu yuko kwenye msafara wa pembe na watumwa. Mhadzabe ana upinde na yuko porini, na mara nyingi anaongelewa kama mtu wa enzi zilizopita wakati leo hii kuna watoto wa Kihadzabe wanakaa darasani na daftari. Kila moja lina ukweli fulani ndani yake, ndo maana linapita bila mtu kushtuka. Mmaasai kweli ana ng'ombe. Lakini wapo Wamaasai madaktari, walimu, akina mama wanaouza shanga na kusomesha watoto kwa hela hiyo, na mtoto wa Kimaasai wa Arusha mjini ambaye hajawahi kuchunga, huyo naye kitabu chake kiko wapi?

Kenya walienda njia nyingine, majina ya makabila yapo wazi, Kamau, Otieno, Chebet, Mutua wanakaa dawati moja, na hiyo nzuri. Ila jina peke yake halileti maisha, unaweza kubadilisha Otieno ukaweka Kamau na stori isitikisike hata kidogo, maana yake hakuna kilichoongezwa. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya India kama kabila la 44, mwaka 2023 ikawatambua Wapemba ambao wameishi pwani ya Kenya miaka na miaka bila uraia. Hizo ni stori za watoto kabisa, mtoto wa mvuvi wa Kipemba ambaye babu yake anapata kitambulisho uzeeni, nani atatuandikia?

Rwanda ni mfano ninaoupenda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mwaka uliofuata Agnès Gyr-Ukunda alianzisha shirika la vitabu la Bakame kwa ajili ya kuchapa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Bakame ni sungura wa hadithi zao, mjanja kama sungura wetu. Fikiria nchi imetoka kwenye hali ile na mtu anawaza watoto wapate vitabu vya hadithi za kwao kwa lugha yao. Ndo maana nikisikia mtu anasema vitabu vya namna hii ni anasa ya wazungu nashindwa kumwelewa.

Haya, uko dukani au maktaba, umeshika kitabu, una dakika chache. Kulikuwa na kundi la New York lilianzishwa 1965 likiitwa Council on Interracial Books for Children, walitoa mwongozo wa njia kumi za kukagua kitabu, mimi natumia chache ninazoona zinafaa kwetu. La kwanza kabisa angalia nani anatatua tatizo. Mtoto wa kijijini anaumwa na anayeokoa kila mara ni mgeni aliyetoka mjini au Ulaya, weka chini. La pili nani ana jina na nani ni "mzee mmoja", "yule Mmaasai", "dada wa kazi". Huyo dada wa kazi muangalie kwa makini sana kwenye vitabu vyetu, huwa hana jina, hana kwao, hana mama. La tatu picha. Kama watu weusi wote wana sura moja iliyorudiwa rudiwa na imebadilishwa nguo tu, mchoraji hakuwaangalia watu, na angalia pia kama mtoto mzuri ndo mweupe kidogo mwenye nywele laini na mtundu ndo mweusi sana, hili lipo hata kwenye vitabu vilivyochapwa hapa hapa. Alafu geuza uangalie mwaka wa kuchapwa, sio kwamba cha zamani ni kibaya, ila unajua unaingia na macho gani.

Kuhusu mwandishi awe wa jamii hiyo au la, hapa watu wanagombana sana. Mwaka 2015 mwandishi Corinne Duyvis alianzisha mtandaoni alama ya #OwnVoices, kutambulisha vitabu ambavyo mwandishi ni wa jamii ile ile ya mhusika wake, ikaenea sana, lakini mwaka 2021 shirika la Marekani linalopigania vitabu vyenye watu wa aina zote, We Need Diverse Books, likaacha kuitumia maana ilishakuwa lebo ya biashara na ilikuwa inawalazimisha waandishi kueleza mambo yao ya siri ili waaminike. Msimamo wangu ni kwamba asili ya mwandishi inasaidia ila sio cheti. Mchaga wa Moshi anaweza kumwandika Mmakonde vibaya kuliko Mjapani aliyekaa Mtwara miaka kumi. Mimi natafuta vitu vidogo. Mtoto akikutana na babu yake anaanza kumwambia "habari" badala ya kumwamkia shikamoo, najua mwandishi hakukaa kwenye nyumba hizi, au kitabu kimetafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kanga imefungwa namna ambayo haiwezi kukaa, ugali unaliwa kwa uma huku wote wamekaa mkekani, bao lina vishimo visivyoeleweka. Mwenye jamii yake anaona hivyo vitu kwa sekunde moja, kwaiyo kama kitabu ni cha watu usiowajua mwonyeshe mmoja wao, jirani, mfanyakazi mwenzako, mwulize tu kama anajitambua humo.

Na kuna wageni waliofanya kazi nzuri na sisi hata hatuwajui. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, aliandika kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili moja mpaka kumi, Tom Feelings akakichora, kilitoka 1971 kinaitwa Moja Means One, na mwaka uliofuata kikapata heshima ya Caldecott ambayo kule Marekani ni tuzo kubwa ya vitabu vya picha. Tom alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata hiyo heshima. Watoto weusi wa Marekani wakapata kioo ambacho lugha yake ni yetu, kwa hiyo kitabu kinaweza kumwonyesha mtoto asili ambayo yeye mwenyewe hajawahi kufika.

Vile vitabu vya zamani vyenye matusi ndani yake, tuvichome? Mwaka 2007 Mkongo aliyekuwa anaishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alienda mahakamani kuhusu Tintin kule Kongo, katuni iliyoanza kutoka 1930 inayowachora Wakongo kama watoto wasio na akili, mahakama ya Brussels ikamkatalia 2012. Mwaka 2021 wenye haki za vitabu vya Dr. Seuss, mwandishi maarufu wa watoto wa Marekani, waliamua wenyewe kuacha kuchapa vitabu sita kwa sababu ya michoro yake inayodhalilisha watu. Mimi kwa mtoto wa chini ya miaka saba naondoa tu shelfuni bila maelezo, hana bado uwezo wa kutenganisha mchoro na ukweli. Mwenye miaka kumi na kuendelea tunasoma pamoja na namwuliza huyu aliyechora alikuwa anamwona nani, na huwa wanajibu vizuri kuliko tunavyotegemea. Nasema hivyo hivyo kwa hekaya zetu zenye kumcheka mlemavu au kabila fulani, zisipewe msamaha kwa kuwa ni za kwetu.

Bei najua ndo swali. Kitabu cha picha cha nje bei yake inaweza kuwa matumizi ya nyumba ya siku kadhaa. Kwaiyo anza na vya hapa, Dar kuna Mkuki na Nyota, kuna E&D Vision, Nairobi kuna Storymoja, Kigali hao Bakame, na maktaba za mikoa zipo japo tunazisahau. Alafu kuna African Storybook, mradi wa Saide wa Afrika Kusini ulioanza 2014, una hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, unapakua bure na leseni yake inakuruhusu kuchapa na hata kutafsiri mwenyewe. StoryWeaver ya India nayo ni hivyo hivyo, pale mtoto wako atapata dirisha la watoto wa Kihindi ambao hawako nyuma ya kaunta. Soma kwanza wewe mwenyewe kabla ya kumpa mtoto maana ubora unatofautiana, kuna tafsiri nzuri na kuna zenye Kiswahili kigumu, ukikuta sentensi mbaya unaiweka sawa. Peleka kwenye steshenari, printi rangi kurasa chache zenye picha kubwa na zingine nyeusi na nyeupe, bana katikati, kitabu tayari.

Na kama wewe ni Mwiraqw au Mdigo au Mbembe uliyeko Kigoma au Marekani na hukuti kitabu cha kwenu, mwombe mama au shangazi asimulie hadithi moja, rekodi kwa simu, iandike kwa Kiswahili na kwa kilugha chenu pembeni yake, uiingize humo humo African Storybook. Picha zipo tayari za kuchagua, ila hakikisha nyumba na nguo kwenye picha zinafanana na za kwenu, na kama hazifanani bora mtoto achore mwenyewe upige picha michoro yake.